Wimbo wa Ndani Umetoka Redioni

Chamboli, Kitwe
Jumapili, 15 Agosti 1976

Kwako dada yangu Mumbi,

Kwanza nipe hali za huko Kasama. Mgongo wa shemeji umepoa? Mapacha wameacha kukohoa, au bado wanapokezana kama walivyokuwa wakipokezana kulia? Huku kwetu Baba ni mzima, anashuka mgodini kila zamu na kupanda na njaa ya watu watatu. Mama ni mzima, mkono wake uleule, ulimi wake uleule. Mimi mwili hauna neno, ila kukaa kitako kumenishinda. Barua hii naiandikia juu ya meza ya cherehani, na tangu nianze nimeshasimama sijui mara ngapi. Nimefagia pasipo na taka, nimechungulia dirishani, nimerudi. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimelewa.

Barua yako imefika. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, maneno yakawa yaleyale. Umeniandikia kwamba nimeivua nguo nyumba yetu. Kwamba mama mkwe wako siku hizi anakuita binti wa wale waliouza unyago kwa magitaa, na ukifika bombani wanawake wanakaza midomo. Kwamba kama si kuzaliwa tumbo moja usingepoteza stempu. Sawa. Umenipiga na nimepigika. Lakini mwisho umeniuliza kama ni kweli, na kwa kuuliza huko bado nakupenda. Nitakujibu. Ila nakujua, wewe barua unaanzia mwisho. Safari hii anza mwanzo, tafadhali, la sivyo hutaelewa kitu.

Ulipoolewa, Mulilo walikuwa vijana wanne wa kutumbuiza harusi, gitaa moja la kuazima na ngoma za shule. Unamkumbuka Kapambwe, mtoto wa yule mzee mchoronga miamba, aliyekuwa akija kwetu kunywa munkoyo wa Mama, ile togwa yake ya mizizi, na kuondoka na kikombe? Ndiye mwenye gitaa. Leo ukitaja jina lake mbele ya wasichana wa Chamboli kuna atakayeangusha ndoo. Walijiita Mulilo, na moto kweli wameuwasha. Kapambwe ana kidude anakikanyaga kwa mguu, basi gitaa linakoroma kama ile mashine ya baba yake inavyotoboa mwamba, na vijana wakisikia wanapiga mayowe utadhani wameona mfu anafufuka.

Vijana wa huku hungewatambua. Wamefuga afro mpaka kofia za mgodini haziingii. Jirani yetu wa nyumba ya bluu alimnyoa mwanawe akiwa usingizini, mtoto akasusa kula ubwali, mama mtu akalia, mwisho yule baba akaenda mwenyewe kumnunulia kofia kubwa ya kuficha aibu. Kila mtaa una bendi yake, gitaa la galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Viatu vya raizoni vimepanda juu hata wavulana wanatembea kama korongo kwenye tope. Mchungaji alipiga marufuku gitaa kwaya­ni, kisha akaona mabenchi ya vijana yamebaki matupu, akagundua kwamba hata Daudi alipiga kinubi. Sasa kwaya inakoroma kila Jumapili.

Nami, dada, moto huo umenilisha. Vijana wanaleta suruali zao za shule, nyembamba. Napasua mshono kuanzia gotini, nachomeka kipande cha kitenge cha pembe tatu, tayari ni bugaluu. Wengi kitenge wanakiiba kwa mama zao, kwa hiyo nimeshatukanwa na nusu ya Chamboli. Wa kwanza kumshonea alikuwa Kapambwe mwenyewe. Alipanda jukwaani pale ukumbi wa mgodi na suruali yangu yenye kuku wekundu miguuni, kesho yake foleni ya wateja ikafika barabarani. Kwa hiyo ndiyo, nilikuwa naonana naye. Nilimpima kiuno, nilimpima mguu, nilimwambia asimame wima. Hayo tu.

Sasa balaa. Serikali iliagiza redio ipige nyimbo za nchini, za kigeni zipungue. Mulilo walikuwa wanaimba Kiingereza tu, tena cha kuokoteza. Mtu wa redio akamwambia Kapambwe waziwazi kwamba walete kitu chenye harufu ya nyumbani, kuiga ameshachoka nako. Kapambwe akaja kwangu ananung'unika huku nampima. Yeye amezaliwa na honi ya mgodi, wimbo wa nyumbani ataujulia wapi? Babu yake alimwona mara moja tu, na siku hiyo babu alikuwa amelala. Nikamwambia aache kupumua, kiuno kinanidanganya. Akaenda zake.

Siku wimbo ulipotoka nilikuwa nampima Mama Nsofwa. Unamjua, msaidizi wa Mama kwenye unyago, na tangu tukiwa wadogo macho yake hayabanduki kwenye ile ngoma ya ukungwi mkuu. Nilikuwa nimemchomeka pini kiunoni pande zote, redio ya duka la jirani inalia. Gitaa likakoroma, ngoma zikaingia, halafu sauti za wanaume zikaanza:

Mfuniko, mfuniko,
aliyekufunua nani?
Mvuke umeniunguza,
na uji haujaiva.

Dada! Wimbo wa mfuniko! Ule wa ndani kabisa, wa siku chungu cha udongo kinapofunuliwa mbele ya mwali, mlango umefungwa na wanaume wamefukuzwa mpaka mtaa wa tatu. Ule ulioimbiwa wewe ukalia, nami nikaimbiwa nikacheka nikala kofi. Unatoka redioni, saa tano asubuhi, kati ya tangazo la sabuni na bei ya shaba. Mama Nsofwa aliruka, pini zikamwingia, akapiga ukelele, na mpaka leo sijui alililia pini au wimbo.

Na ubaya wenyewe ni kwamba hakuna aliyeweza kuukataza. Ukimwambia mtoto acha wimbo huo, atakuuliza una nini. Utamjibu vipi? Ukieleza kwa nini usiimbwe, umeshatoa siri mwenyewe. Basi wanawake wazima wakawa wanapita njiani wamenuna kama wenye majipu, na watoto nyuma yao wanaimba mfuniko, mfuniko. Wanaume ndio kabisa. Asiyejua anaimba, na anayehisi kitu hawezi kusema amehisi nini. Baba aliupiga mluzi akinyoa ndevu, Mama akamchapa mwiko wa mgongoni. Baba akauliza kosa lake. Mama akasema mluzi unaita nyoka. Baba akasema, mke wangu, nyoka gani wa kuja kupanga nyumba ya mgodi? Akachapwa wa pili.

Ukapigwa Lusaka, ukapigwa Livingstone, wasafiri wakasema hata Lubumbashi wanaucheza bila kujua neno lolote. Vijana wakaubunia mtindo wake, mikono wanaibana juu ya kichwa kama wanaofunika chungu, halafu gitaa likikoroma wanafunua, heee! Niliwaona wasichana wa darasa la saba wakifunua pale kituo cha basi, nikatamani ardhi inimeze. Na papo hapo, unisamehe, nikatazama chini nikakuta mguu wangu mwenyewe unagonga.

Halafu mama za wasichana wakaanza kuja nyumbani mmoja mmoja. Wanakaa, wanakunywa munkoyo, wanasifia maua ya Mama, kisha wanasema kwamba binti yao mwaka huu atachezwa Wusakile kwa shangazi yake. Sababu hawakuitaja, na Mama hakuwauliza. Wimbo ule Wusakile hawana, Mindolo hawana. Ni wa ngoma ya Mama peke yake. Kwa hiyo aliyeutoa ni mwanamke aliyewahi kukaa mbele ya ngoma ya Mama, na kila aliyepiga hesabu alitazama cherehani yangu na suruali zenye kuku.

Mama Nsofwa akaitisha kikao cha makungwi, Jumamosi ya mwisho ya Julai. Alikiitisha uani kwake, si kwetu, nadhani unaelewa maana yake. Wanaume walikuwa wameenda mpirani. Ngoma ikawekwa katikati, na sharti likasomwa: kila mwanamke ataweka mkono juu ya ngozi ya ngoma na kusema kwamba mdomo wake haukuupeleka wimbo kwa mwanamume. Ikionekana umetoka nyumbani kwa kungwi mkuu, ngoma inahama. Na ikihama, dada, Mama ni nani? Ukimtoa ngoma unabaki na mama muuza munkoyo mwenye goti bovu. Kitu pekee alichowahi kuwa nacho ambacho hakupewa na mume wala na mgodi ni ile ngoma.

Mimi waliniketisha kando kama kuku mgeni. Wakaapa mmoja mmoja. Mama Nsofwa akaapa kwa sauti ya kusikika mpaka chini kwa wachoronga miamba. Kisha akageuka akasema, haya, Mama Mumbi, mkono wako. Mama alikuwa wa mwisho kwa sababu ngoma ni yake. Akainuka taratibu. Akafungua kitenge, akakifunga upya. Akakifungua tena. Nikasimama nikasema wasimhangaishe mama wa watu, ni mimi. Nikasema nilimwimbia Kapambwe nikimshonea suruali, kwa kutaka sifa.

Kelele iliyozuka hapo! Mama Nsofwa akapiga makofi akasema, si niliwaambia? Weka samaki na paka chumba kimoja halafu jifanye unashangaa! Mwingine akaniuliza, mwanangu, na chungu nacho ulimfunulia, au uliishia kwenye wimbo? Wakacheka kile kicheko chao. Bibi mmoja ambaye hata meno hana akanitemea mate karibu na mguu, na akakosea, yakampata Mama Nsofwa, na hata hilo halikunichekesha.

Mama alisimama palepale, mkono haujafika kwenye ngoma. Halafu akahukumu, kwa kuwa hukumu ni ya mwenye ngoma. Alisema nitoe kuku weupe wawili. Alisema kuanzia siku ile ngoma ikilia mimi nisiwepo. Nikiolewa nisifundwe, nikizaa binti asichezwe kwetu, na ukungwi wake hautapita kwangu hata kama atakosa mrithi. Kisha akachota majivu jikoni kwa Mama Nsofwa akanipaka usoni mwenyewe. Mama Nsofwa alitafuta neno la kuongeza akalikosa, maana mwanamke aliyemfukuza mwanawe mbele ya watu utamvua ngoma kwa lipi? Ngoma ikarudi kwetu. Wale wasichana watatu waliokuwa wamehamishiwa Wusakile wamerudishwa pia.

Nilitembea na majivu yangu mpaka nyumbani. Baba akaniuliza kama jiko limelipuka.

Na Kabaso. Najua hili la uchumba wetu kuvunjika ndilo linalokuuma, kwa kuwa ni mdogo wa shemeji na wewe ndiye uliyetukutanisha. Wanawake wa kwao hawakuweza kumweleza nimefanya nini, wakamwambia tu huyu hafai, muulize huyo mpiga gitaa. Akaja. Alisimama mbali na kizingiti, shati limepigwa pasi, anageuzageuza kofia mikononi. Akaniuliza kosa langu ni lipi. Ningemwambia nini, Mumbi? Yeye ni mwanamume! Akaniuliza kama ni Kapambwe. Nikasema hapana. Akaniuliza, basi ni nini? Nikanyamaza, naye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ni jibu. Jumatatu yake wazee wao wakaja kudai kishika uchumba, nikakitoa kabatini kikiwa bado kwenye kitambaa chake. Nilimpenda Kabaso. Usidhani sikumpenda kwa sababu nilikuwa nacheka anavyotembea. Nililia mpaka cherehani ikapata kutu.

Hapo nadhani ndipo habari zilizofika Kasama zinapoishia. Sasa funga mlango, ukae.

Si mimi. Ni Mama.

Alhamisi kabla ya kikao nilirudi nyumbani mchana kuchukua mkasi. Mlango umerudishwa, redio inalia ndani, Mulilo wanaimba. Mama yuko katikati ya chumba peke yake, na anacheza. Si ngoma ya unyago. Anacheza kama hawa watoto wa raizoni, anagonga kisigino, kichwa kakirusha nyuma, machozi yanamtiririka na meno yote yako nje. Goti bovu lote limesahaulika. Aliponiona hakuizima. Alingoja wimbo uishe, akakaa, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaniambia: "Wameuharibu pale katikati. Lakini umependeza, au hukuona?"

Nilimwambia, Mama, watakuua. Akasema anajua. Ndipo akaniambia lile ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata Baba. Wimbo ule si wa wahenga. Ni wake. Aliutunga mwenyewe akiwa na mimba yako, anachochea uji kwa mama mkwe, mfuniko ukamuunguza kweli. Akauimba siku moja unyagoni, makungwi wa wakati ule wakaupenda wakauchukua, na mwaka uliofuata wakawa wanasema umetoka kwa wazee wa Chinsali. Naye akanyamaza, kwa sababu wimbo wa unyago hauna mwenyewe, na mwanamke wa kusimama mbele ya ngoma akasema huu nimeutunga mimi ataambiwa amelewa. Miaka yote hiyo ameufundisha mlango umefungwa, kwa wasichana wanaolia au wanaocheka, akisikia watu wanawasifu wahenga.

Kapambwe alipotoka kwangu na manung'uniko yake, alipita kwetu kunywa munkoyo akamnung'unikia na Mama. Mama akamwambia kwamba wao ni wezi wasio na akili, wanaiba mbali kwa watu wasiowajua, na vyungu vya nyumbani vinachemka. Kapambwe akamtania, basi Mama nipe kimoja nionje. Mama akamfukuza. Lakini akaniambia kwamba hakupata raha tena. Alikuwa akitwanga anafikiri, akichuja munkoyo anafikiri, na yule kijana aliporudi siku ya tatu alimkuta anamngoja. Akampa. Hakumwambia ni wimbo gani. Mpaka leo Kapambwe anajua ni wimbo wa kupikia uji, na hakuna kungwi anayeweza kumhoji ameutoa wapi, maana kumhoji ni kumwambia.

Nilimuuliza kwa nini, na yeye ndiye aliyetupiga sisi makofi kwa kucheka tu. Akasema alitaka kuusikia mara moja ukiwa nje, juani, ukiimbwa na watu ambao hawajaamriwa. Akasema, "Nilidhani utapita, Chisha, kama nyimbo zao nyingine zinavyopita. Sikujua kama ni mzuri hivyo." Halafu akacheka, akafunika mdomo kama msichana.

Sasa unaelewa nilisimama kwa nini. Mama hawezi kuapa uongo juu ya ile ngoma, na kweli hawezi kuisema. Niliuona mkono wake, dada, ule mkono wa kupigia watu, haujui uende wapi. Sikuwaza Kabaso, sikukuwaza wewe, sikuwaza kitu. Na usinifanye malaika. Juma zima baadaye sikumsemesha. Nilipika nikigonga sufuria, niliosha vyombo nikivipiga. Alinipaka majivu kwa mikono miwili! Angeweza kutumia mmoja. Nilimchukia kwa ule mkono wa pili, na kuna wakati bado namchukia, halafu redio inapiga wimbo wake na hasira inanitoka bila ruhusa yangu.

Wateja wamepungua, mama zao wamewakataza. Ndipo Kapambwe akaja kuniambia kwamba wimbo ule kwenye sauti za wanaume una kasoro asiyoijua jina lake, na kwamba mimi huiimbia cherehani yangu bila kujijua, naye amekuwa akinisikiliza siku zote nikimpima. Wanasafiri: Mufulira, Ndola, kisha Lusaka kurekodi santuri mpya. Wanataka sauti ya mwanamke. Nimekubali. Ningekaa hapa nifanye nini, nifagie? Kesho asubuhi tunaondoka. Baba nimemwambia, akasema kama nakwenda na wale wenye nywele basi nijue kwamba nywele hazilipi kodi ya nyumba, kisha akaniangalia viatu kama vinafaa safari, akavichukua kwenda kuvipigilia misumari.

Leo asubuhi wote wameenda kanisani. Mama alisingizia goti. Nilikuwa nakunja nguo, akaniita jikoni, akafunga mlango, akachukua mchi akaanza kutwanga. Nikachungulia kinu, kitupu. Akasema nisogee karibu. Asante yangu, akasema, anayo, ila ikitoka leo itamwangusha, ataniambia siku atakayokuwa amelala chini tayari. Kisha akasema nimwambie yule kijana kwamba ngoma inachelewa kuingia mstari wa pili, na pale kwenye "nani" gitaa linyamaze kabisa ili watu wajibu wenyewe. Nikasema nitamwambia nimelitoa wapi? Akasema niseme nimeota.

Halafu akasema anao mwingine. Nikamwambia, Mama, utaniua, majivu hayajanitoka masikioni. Akasema huu haujawahi kuingia nyumba ya unyago, hauna chungu wala mwali, hakuna ngoma inayoudai. Ameutunga tangu Jumamosi ile ya kikao. Na akauimba, dada. Mchi unatwanga kinu kitupu, yeye macho kayafumba, na kila alipofika mahali pa gitaa alikoroma kwa mdomo wake. Mama yetu, kungwi mkuu wa Chamboli, anakoroma grrrr kama mashine ya mgodini, mpaka mishipa ya shingo imesimama! Nilicheka nikakaa chini sakafuni. Kisha nikayasikia maneno, kicheko kikaniishia. Sitakuandikia. Ni wimbo wa mwanamke na mikono yake miwili. Alinirudisha mwanzo kila nilipokosea, na safari hii nilipolia hakunipiga.

Kwenye santuri litaandikwa jina langu, au la Kapambwe. La Mama haliwezi kuandikwa popote. Utakapousikia, na wanawake wa huko wakiuliza nani katunga, sema hujui. Lakini wewe ujue.

Usimwandikie Mama neno lolote juu ya haya, maana kuanzia kesho barua zake atasomewa na Baba. Karatasi hii washia mkaa. Wape mapacha mabusu yangu na uwasugue kifua na mafuta, shemeji mwambie apumzishe mgongo, na mama mkwe wako msalimie kwa heshima zote, hata kama hatajibu. Mungu akulinde, akulindie nyumba.

Kabaso naye msalimie. Atakuuliza tena nilikosa nini, na wewe pia hutaweza kumwambia. Mpe salamu tu.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Chisha